Leo Hatufungwi

Mpaka leo nikiingia kwa mkahawa wowote, hata huu mdogo wa Wayemeni hapa Al-Mahjar, Jeddah, ninapokula maharagwe asubuhi, nakaa nikiutazama mlango. Wenzangu wananicheka. Eti mlinzi ni mlinzi hata akila. Nawaacha wacheke, maana nikianza kueleza itabidi nimalize, na mwisho wake siupendi.

Nilikuwa beki wa kati. Namba nne. Hiyo ilikuwa Riyadh, mtaa wa Malaz, tulipokuwa tukilinda chuo kimoja cha wavulana. Tulikuja kwa mkumbo ule wa mawakala, wakati kila boma kwetu lilikuwa na mtu anayekimbizana na pasipoti. Ijumaa baada ya sala ya alasiri tulicheza mpira kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya chuo. Timu yetu tuliiita Chuo, ingawa madarasa yale tuliyajua kwa funguo zake tu. Tulicheza na madereva Waganda, na watu wa ghala, na yeyote aliyekuwa na viatu.

Kocha wetu alikuwa mtu wa Bungoma, amenizidi miaka kama kumi na mitano, tumbo limeanza kumtangulia. Alikuwa ameletwa kama dereva wa familia moja kaskazini mwa jiji. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamnyima likizo mwaka wa kwanza, akamnyima mwaka wa pili, basi siku moja akatoka kutupa takataka na hakurudi. Pasipoti ikabaki kwa kafili. Ikama, kibali cha kuishi huku, ikafa. Tulipomjua alikuwa akiosha magari kwenye gereji ya Mpakistani, na usiku analala chumbani kwetu, kwenye kitanda cha yeyote aliye zamu.

Mkewe alikuwa Jeddah, kazi za ndani. Walipanda ndege moja kutoka nyumbani, wakatenganishwa uwanja wa ndege, kila mmoja na kafili wake, na tangu siku hiyo hawakuwa wameonana ana kwa ana. Mkataba wa mama huyo ulikuwa umebakisha miezi mitatu. Mpango wa Kocha ulikuwa mmoja tu: mkewe akishapewa karatasi ya kutoka, yeye ajisalimishe kwa watu wa ubalozi, waondoke wiki moja. "Nilikuja naye, nitarudi naye," alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyemuuliza. Akikamatwa kabla ya hapo, ni ndani, alama za vidole, kisha ndege peke yake. Na mkewe abaki huku kwa nyumba ya watu bila mtu wa kumuulizia.

Sasa, mpira wake. Jameni, mpira wake! Ulikuwa wa kuchosha mpaka wachezaji wenyewe tulikuwa tunapiga miayo. Watu saba nyuma, wawili katikati, na mshambuliaji mmoja maskini ya Mungu anayezunguka huko mbele akitafuta mtu wa kuongea naye. "Asiyefungwa hajashindwa," Kocha alisema. Kabla ya mechi alitukusanya, akauliza, "Leo?" Nasi tukajibu kwa sauti moja, "Hatufungwi!" Wote tulijua neno hilo kwake lina mlango wa pili, kwa hiyo tulilipiga kwa nguvu na kucheka.

Jambo moja wengine hawakulijua. Uwanja ule ulikuwa na geti la magari upande wa magharibi, na upande wa mashariki ukuta wenye tundu, mtu mzima anapita akiinama. Kocha alikuwa anachagua goli la upande wa tundu, na hakukubali kubadilisha magoli hata kipindi cha pili. Yaani tulicheza dakika tisini jua la jioni likitupiga machoni. Waganda walikubali haraka na kutuona wajinga. Golikipa wetu alilalamika kila Ijumaa, akavaa kofia mbili. Kocha akamwambia jua ni mazoezi.

Mimi aliniambia ukweli, mimi peke yangu, siku tuliyokuwa tukianua nguo juu ya paa. "Wewe hupandi," alisema. "Kona, friikiki, hata tukiwa nyuma mabao matatu, wewe hupandi. Unatazama geti. Ukiona gari la askari wa vibali linaingia, ita 'Rudi!' Mara moja. Hawa wengine watadhani unaita mabeki. Mimi nitajua."

"Na ukiwa mbali na tundu?"

"Sitakuwa mbali. Kazi yangu ni kukaa karibu. Yako ni kuona."

Mara mbili ilifanya kazi. Gari jeupe likaingia polepole, nikaita, timu nzima ikarudi nyuma kama ilivyofundishwa, na Kocha akapotea ukutani. Askari wakatazama ikama zetu moja moja, wakaenda zao. Akarudi magoti yakiwa na vumbi, akauliza, "Ngapi?" Tukamwambia sufuri kwa sufuri. "Safi," akasema, na kwa furaha akavua kandambili zake za bluu akazigonganisha hewani, paa! paa! paa! Hivyo ndivyo alivyopiga makofi. Alisema viganja vyake vimelainishwa na sabuni ya magari, havitoi sauti.

Lakini mtu anachoka. Nitasema ukweli wangu: nilichoka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sijawahi kufunga goli tangu nizaliwe. Wiki nzima nimesimama getini nikitazama watoto wa watu wakipita na magari, halafu Ijumaa, siku yangu moja, nasimama tena nikitazama geti. Kwani mimi niliumbwa kutazama mageti tu?

Kulikuwa na mwenzetu, Mkamba mmoja mwembamba, zamu yake ilikuwa kwenye uwanja wa nyasi wa wanafunzi. Mwaka huo chuo kilimwondoa kocha wao wa zamani, mzee aliyependa kujihami, kikaleta kijana kutoka nje aliyepandisha kila mtu mbele. Wavulana waliokuwa wakitoka sare wakaanza kufunga matano, sita. Mkamba wetu aliyaona yote akiwa kwenye kiti chake cha plastiki. Alichora mishale ya yule kocha nyuma ya kurasa za daftari la wageni, akaja nazo chumbani, akazitandaza sakafuni kati ya sufuria ya ugali na sukumawiki.

"Wale wamebadilisha kocha, wamebadilika," alisema. "Sisi tunangoja nini? Tumetoka sare mpaka tumekuwa sare." Watu wakacheka. Kisha akasema tupige kura, wanaotaka mpira wa kushambulia wanyooshe mikono.

Kocha alikuwa amekaa pale pale kitandani, akimenya kitunguu. Mikono ikapanda. Wangu nikaupandisha mpaka kwenye sikio, nikajifanya najikuna. Akaniona. "Mkono ukipanda, upande wote," akaniambia kwa upole, na kitunguu kikamtoa machozi au sijui ni nini kilichomtoa machozi. Nikaupandisha wote. Halas, kazi ikawa imeisha.

Hakununa. Hilo ndilo lililonikera zaidi, wallahi, angenuna ningepata mahali pa kushika. Ijumaa iliyofuata alikuja kama kawaida, akawa mtu wa maji, akakaa juu ya mtungi wake karibu na tundu. Mkamba, ambaye sasa ndiye kocha mpya, alikubali tubaki na goli letu la mashariki kwa sababu Waganda hawakutaka jua, na hakuuliza zaidi. Akaniambia, "Namba nne, wewe una kichwa kirefu. Kona zote unapanda." Nilipaswa kumvuta kando nimwambie kwa nini sipandi. Maneno kumi yangetosha. Nilisema, "Sawa, Kocha."

Mzee, ndivyo tulivyomwita Kocha wa zamani sasa, alinitazama nikipita karibu na mtungi. "Utapanda?"

"Ni kona tu, Mzee. Nikiwa kule si ndiyo nitakuwa karibu na geti zaidi? Nitaona hata vizuri."

Akafikiria. "Ni kweli," akasema. "Utaona vizuri."

Ijumaa mbili tukashinda. Tatu kwa moja, nne kwa mbili. Chumba kikawa na kelele, watu wakaanza kuniita kwa jina la kuchezea. Mzee alitupigia kandambili zake kila goli, huku akihesabu wiki za mkewe kwa sauti. Zilikuwa zimebaki tano.

Ijumaa ya tatu tulikuwa sare moja kwa moja na Waganda, jua limeshuka mpaka kwenye ukuta wa geti. Tukapata kona. Nikapanda. Nilisimama karibu na mlingoti wa mbali, geti likiwa mbele yangu hatua thelathini hivi. Mkamba akauweka mpira, akarudi nyuma, akakimbia.

Nililiona gari. Nataka hili lieleweke, maana nimeishi miaka nikilizungusha. Sikulihisi, sikulikisia. Nililiona, jeupe, pua yake ikiingia getini, na mtu aliyekaa mbele akishusha kioo. Mpira ulikuwa hewani. Neno lilikuwa mdomoni, nilishavuta pumzi ya kuliita. Na mpira ukaja vizuri, aki ulikuja vizuri, ukija kwangu mimi tu, nikafikiri: kwanza hii. Kwanza hii, halafu niite.

Nikaruka. Pumzi ile ya kuita nikaitumia kuruka.

Goli. Wakaniangukia wote, Mkamba juu yangu, vumbi mdomoni, mtu ananing'ang'ania shingo akilia kama amezaliwa upya. Nikajaribu kuita. Sauti ikazikwa huko chini. Kupitia miguu ya watu nikasikia paa! paa! paa! na sauti ile haikuwa mbali kule ukutani. Ilikuwa inakuja. Mzee alikuwa ameliacha tundu lake, miguu mitupu, kandambili mikononi, amekimbia uwanja mzima na tumbo lake kuja kunipongeza.

Nilipoinuka alikuwa kama hatua kumi kutoka kwangu na askari wawili walikuwa kati yetu. Hakukimbia. Angekimbilia wapi? Mmoja akasema, "Ikama." Mzee akihema, bado anatabasamu, tabasamu halikuwa limepata habari. "Mafi," akasema, yaani hana. Kisha akanyoosha kidole juu ya bega la askari. "Kichwa hicho, kijana! Nimekiona!" Yule mwingine akasema yalla, yalla, akamshika mkono, kandambili zikaanguka. Alipanda gari jeupe bila viatu.

Hakuna aliyenilaumu. Mkamba alikaa siku mbili bila kula, akisema ni mishale yake iliyomwua mzee wa watu, nami nikamwacha aseme. Timu haikucheza tena. Tuliingia uwanjani Ijumaa moja, tukafika kwenye "Leo?" na hakukuwa na mtu wa kuuliza.

Baada ya wiki tatu hivi tulisikia amerudishwa nyumbani. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Jeddah na mkoba wake: nguo, picha mbili, na kandambili zile nilizoziosha mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Mkewe alinielekeza tukutane kwenye bakala, duka dogo la mtaani, karibu na nyumba anayofanyia kazi, dakika anazotumwa mkate. Alitokea na aproni chini ya abaya, mama mfupi mwenye uso mtulivu. Kabla sijamsalimia akasema, "Wewe ndiye namba nne."

Nikasema ndiyo, mama. Nikampa mkoba. Akaufungua pale pale karibu na friji ya soda, akaziona kandambili, akazikumbatia. Aliniambia madam amesema mkataba unaongezwa miaka miwili. Kama mumewe angekuwepo angekuja mlangoni kumdai. Alisema bila kulia, akiangalia saa.

Kisha akampigia kwa video. Mzee akajaa kwenye kioo, amekonda, nyuma yake mvua inapiga mabati kiasi kwamba alilazimika kupaza sauti. "Namba nne! Bado unaota lile goli?"

"Kocha," nikasema. "Ile siku..."

"Wacha. Wacha kabisa. Huku watu wanasema nyinyi mliniuza. Nimewaambia hapana, huyo kijana namjua, nilimfundisha mimi." Akasogeza uso karibu, na mkewe pale kando yangu akatikisa kichwa kukubaliana naye, ananitazama kwa macho ya shukrani. "Jua lilikuwa machoni mwako, kosa langu mwenyewe, nilikuwa nalichagua. Hukuona. Ungeona, ungeita."

Friji ya soda ilikuwa inanguruma. Yule mama alikuwa bado amezishika kandambili kifuani, mkate kwapani.

"Ndiyo, Kocha," nikasema. "Ningeita."