Mashine Niliyoichagua Emali

Waliohusika na kuungua kwa rangi ya gari la marehemu mke wangu ni wawili: muuzaji wa vifaa katika mji wa Emali, na mimi. Naanza na hilo kwa sababu nilitumikia masjala ya serikali hadi nilipostaafu, na najua kwamba faili lisilomtaja mhusika hufia kabatini.

Gari ni dogo, la buluu iliyoiva. Rangi hiyo aliichagua yeye. Alisema ni ya anga ya kwao Nuu mvua inapotishia. Alipofariki nililiacha kibandani, vumbi likaifubaza rangi taratibu, hadi binti yetu alipotangaza ndoa na kuniomba jambo moja.

“Nataka kwenda kanisani na gari la mama,” alisema kwenye simu. “Lakini baba, ling’ae. Ling’ae hadi nijione.”

Alasiri zilizofuata niliketi kando ya boneti nikipangusa mahali pa upana wa kiganja. Kipande cha anga kilifunguka humo, wingu likapita polepole, na mara mbili nilidhani nimeona kitambaa cha kichwa cha mke wangu kikipita nyuma yangu. Sikugeuka. Niliogopa kuthibitisha.

Mjini Kitui mama mwenye duka alinionyesha bafa, mashine ya kusugulia rangi hadi imetemete, yenye kitufe cha kupunguza kasi.

“Hii inazunguka huku ikitikisika, mzee. Haikusanyi joto mahali pamoja.”

Niliweka kiganja kwenye pedi. Ilikuwa baridi.

“Mbona inatetemeka kama mwenye malaria?”

“Kutetemeka huko ndiko kunakoilinda rangi. Kwani wewe ni fundi?”

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, kama wengi wa rika lake huku Ukambani, na kanuni yake ilikuwa moja: mti hauwezi kung’aa kabla mkono haujaungua. Nilipokuwa mdogo nililala karibu na miguu yake nikisikiliza msasa, kisha kitambaa, kisha kiganja kitupu juu ya mpingo, mpaka mng’ao ulipopanda kutoka ndani kama mtu anayeamka. Kwa kanuni hiyo niliikataa mashine ya Kitui.

Nilipokwenda Emali kuwaalika jamaa, niliingia duka la vifaa. Muuzaji aliwasha mashine yenye pedi ya manyoya ya kondoo, akaizima, akasema, “Guza, mzee.”

Ilikuwa moto. Nikamweleza juu ya ile baridi ya Kitui.

“Hiyo ya Kitui ni ya kukorogea keki,” alisema.

“Hii ina kasi ngapi?”

“Moja tu. Kasi ya kazi.”

Ubavuni ilibandikwa karatasi ya manjano: BAFA YA RANGI. Niliuliza iko wapi lebo ya kiwanda.

“Si ndiyo hiyo? Tumeandika kubwa ili wazee wasome.”

Nilicheka. Mimi niliyekuwa nikirudisha barua za wakubwa kwa kukosa tarehe nilicheka, nikaibeba.

Nilianza kazi asubuhi, siku tatu kabla ya harusi. Buluu iliamka. Niliona paa la nyumba ndani yake, kisha ndege, kisha uso wangu ukiwa na umri mdogo kuliko nilio nao. Nikakandamiza nikingoja joto, nalo likaja, nami nikafurahi kwamba limekuja. Harufu iliyofuata haikuwa ya mpingo. Nilipoinua mashine, katikati ya boneti palikuwa na doa la kijivu, kubwa kama sahani ya chai.

Ndipo nilipoibandua karatasi ya manjano. Chini yake lebo ya kiwanda ilisema wazi: mashine ya kukatia chuma, mizunguko elfu kumi na moja kwa dakika.

Binti yangu alifika jioni hiyo, akapitisha kidole ukingoni mwa doa.

“Fundi wa pale mjini Salama anaweza kupaka upya,” alisema.

“Anaweza. Lakini haitakuwa ile aliyoichagua mama yako.”

“Basi tusipake. Tutaenda hivi hivi.”

“Na watu wakiuliza?”

“Watakuuliza wewe, dereva. Mimi bibi harusi nitakuwa nyuma, nimejifunika uso.”

Nililiendesha mwenyewe. Miti na mawingu yalitiririka juu ya boneti mbele yangu, yakafika kwenye doa, yakazimika, yakatokea tena upande wa pili. Njia nzima ilikuwa hivyo: anga inakuja, inakatika, inaendelea.

Kosa langu la kukandamiza na la kutosoma nimeliandika na kulitia sahihi. Lililobaki si langu. Kwa hiyo namtaka muuzaji yule aeleze kwa maandishi ni nani aliyeibandika karatasi ile juu ya lebo ya kiwanda, kwa idhini ya nani, na ni mashine ngapi nyingine zilizotoka dukani humo zikiwa zimefunikwa vivyo hivyo. Zilizosalia rafuni azibandue leo, kabla ya kuandika neno la kwanza la jibu lake.