Sura ya Zuleica Kwenye Mashine ya Kadi

Tangu mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, uanze kujaa watu tena baada ya vita, wali wa nazi wa Zuleica haukuwa na mpinzani, na pweza wake ndiyo usiseme. Lakini mafundi wa kambi ya ujenzi walikuwa wakiula kwa macho tu, kisha wanavuka njia kwenda kwa Saide. Wali wa Saide mkavu, mchuzi wake maji matupu, ila ana mashine ya kadi! Mishahara ya mafundi imo kwenye kadi, na noti mjini zimeadimika. Zuleica aliwatazama wakipita mpaka roho ikamuuma.

Basi akaomba mashine yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Hermínio, kijana wa benki, alimfuata kibandani asubuhi moja, akampiga picha kwa simu, akaondoka. Mashine ilipofika benki, Lourenço, msimamizi wa kambi, alimwambia bila kuzunguka:

"Mamã, kesho Ijumaa nataka chakula cha watu thelathini. Nalipa kwa kadi ya kampuni. Mashine isipowaka leo, kazi nampa Saide."

Zuleica akajipamba kama anayekwenda harusini. Akausugua uso mpaka ukang'aa, akapaka wanja, akafunga kapulana mpya ya kitenge. Pale benki kuna wasichana wa Maputo wananukia manukato. Yeye, mtu aliyekimbia vita kutoka Mucojo, hakutaka waseme mshamba kaja.

Mashine haiwaki mpaka simu ya benki iitambue sura ya mwenyewe. Alipofika benki, Hermínio akamwelekezea simu. Ikakataa. Zuleica akasogeza ushungi nyuma kidogo. Ikakataa tena.

"Então, sasa mamã, ikikataa mara ya tatu inajifunga, na kuifungua mpaka wakubwa wa benki wa mkoa, kule mjini Pemba, waamue. Wiki mbili, labda zaidi."

Wiki mbili! Zuleica akamsogelea. "Hebu nionyeshe hiyo picha uliyonipiga."

Lo! Uso mweupe pee, msiro kutoka paji mpaka kidevu. Na asubuhi gani Zuleica amekaa uso mtupu? Wanawake wa pwani hii husaga kijiti cha msiro kwa maji juu ya jiwe, wakajipaka, wakashinda nao kazini. Ngozi inalainika na jua haliwachomi. Simu ilikuwa ikimtafuta mwanamke yule.

"Wewe mtoto, hukuona?"

"Niliona, mamã. Lakini wanawake wote pale walikuwa hivyo hivyo!"

"Ningojee hapa hapa."

Akatoka mbio mpaka sokoni kwa Awa, shoga yake anayeuza msiro. "Shoga, niazime jiwe! Benki wamenikataa, wanataka msiro!" Awa alicheka mpaka akakaa chini, lakini alimsagia.

Kwenye mlango wa benki aibu ikamshika, kweli kabisa. Ndani walikuwa wale wasichana, na foleni ya watu waliovaa viatu vya ngozi. Aa, wacha wanione, akajisemea, akaingia na uso wake mweupe. Msichana mmoja alicheka waziwazi. Zuleica akasimama mbele ya simu, pumzi ameibana.

Ikakubali. Mashine ikalia, ikawaka taa, na foleni nzima ikapiga makofi.

"Sasa naweza kubadilisha picha," Hermínio akasema, anajifuta jasho. "Nawa uso, mamã, nikupige nyingine nzuri. Maana mashine ina kamera yake, nayo itataka kukuona kila asubuhi kabla hujaanza kuuza."

Zuleica akaitazama ile picha. Mucojo alitoka na wanawe na nguo za mwilini, akadhani mengine yote yamebaki kule. Kumbe kwa msiro ule, sura ile ilikuwa ya mama yake kabisa. Machozi yakamtoka, yakachora njia kwenye msiro.

"Mwache huyo huyo," akasema. "Mgeni alikuwa yule aliyekuja hapa amenawa."

Akaibana mashine kwapani, akaenda kununua pweza wa kesho.