Bia Chungu ya Posa, Kutoka Zegereni Hadi Kisarawe

Kilichonitoa nyumbani kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, ni posa ya mpwa wangu, Deo. Mshenga wa kwanza alikwenda Kisarawe na kreti la soda, akarudishwa nalo bila hata kuonyeshwa kiti. Wazee wa Neema, binti anayemtaka, ni watu wa Kilimanjaro waliohamia huko zamani, na kwao posa huanza na mbege, pombe ya ndizi. Mshenga akirudishwa mara ya pili, habari imekwisha. Deo akanikimbilia mimi, kwa sababu wauza nyanya wa Kibaha wakiniona nakuja huanza kunung'unika kabla sijauliza bei.

Asubuhi nilimkuta Zegereni, kwenye banda wanakopika bia. Hakuwa na mbege. Alikuwa na bia yake mwenyewe, kali, iliyoshindiliwa maua machungu yaitwayo hopsi.

“Mbege kila mtu anapeleka, Mjomba. Hii nimeipika kwa mkono wangu.”

Akanimiminia kidogo kwenye glasi yenye tumbo, kisha akanizuia kunywa.

“Inuse kwanza. Unasikia embe?”

“Nasikia mwarobaini.”

“Na chungwa?”

“Lilipita hapa, likaacha ganda.”

Nikaonja. Uchungu ulishuka kooni, ukapanda tena kuangalia kama umesahau kitu. Nikamuuliza mgonjwa ni nani. Hakucheka. Nikahesabu chupa: ishirini na nne. Nikahesabu tena, nikitumaini zimepungua.

Njia ya Kiluvya tuliipita kwa bajaji, Deo amekumbatia boksi la barafu kama kichanga. Kila shimo alimsihi dereva aende taratibu.

“Kwani ni chanjo?” dereva akauliza.

Humo ndani tukapanga: wakitaka mahari ya mbuzi watano, nishushe hadi watatu. Zaidi ya hapo Deo hana.

Kisarawe tulifika mchana. Babu yake Neema, Mzee Massawe, alikuwa uani na shangazi yake binti. Tukatoa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye boksi. Deo akaanza somo la harufu. Mzee akamkatiza.

“Kwetu mletaji hunywa kwanza. Akikunja uso, anaondoka na mzigo wake.”

Mletaji ni mimi, mshenga. Shangazi akamimina chupa nzima kwenye kata ya kibuyu. Nikanywa yote na uso wa picha ya kitambulisho.

Mzee akapokea yake, akaonja, akatikisa kichwa.

“Baridi mno. Sisi tunakunywa ya moto.”

Deo, mlinzi wa barafu tangu Zegereni, akaanza kuzitoa chupa moja moja. Zikapangwa juani. Mzee akaonja tena, akafumba macho.

“Msesewe,” akasema. Ni lile gome la mti linalotia mbege uchungu. “Mbege ya huku siku hizi ni uji wa watoto. Hii ina msesewe.”

“Hapana, babu, hizo ni hop...”

Nikamkanyaga mguu. “Msesewe mwingi, mzee,” nikasema.

Posa ikapokelewa. Ila desturi haikuisha: kila chupa iliyofunguliwa, mletaji alianza. Tulipofika kwenye mbuzi, uso wangu ulikuwa umetulia kuliko kichwa. Mzee akataja watano. Nikavuta pumzi kama ninavyofanya sokoni.

“Sita,” nikasema.

Shangazi akaniomba nirudie, wote wasikie.

“Sita. Nimehesabu mara mbili.”

Kurudi, tulipofika Kiluvya Deo akanigeukia.

“Mjomba, tulisema watatu.”

“Ndiyo. Watatu, mara mbili.”

Nimejifunza kwamba bia ile haina ubaya, mradi ifunguliwe baada ya mbuzi kukubaliwa, na iletwe na mtu mwingine. Neema anaolewa. Mbuzi watatu Deo amewapata. Watatu wengine wametoka mfukoni mwangu; wamefungwa nyuma ya nyumba yangu, wanakula majani niliyonunua mimi bila kupunguziwa bei.