Boti Iliyokamuliwa Kutwa Nzima

Fundi wa jirani anaziba bati kwa lami, na harufu yake imenirudisha Nkome, ziwani, kwenye boti alimoishi mjomba. Ilikuwa na paa la nyasi, jiko la mkaa na kitanda, na kwa macho ya binti mchunga ng'ombe kutoka Samuye ilikuwa kubwa kuliko wilaya nzima. Niliomba nilale humo.

"Ukitapika tu, unalala nchi kavu kwa jirani," mke wa mjomba alinionya.

Wimbi la kwanza lilipotuyumbisha, tumbo lilinipanda hadi masikioni. Nikafanya nilichokijua: nikachuchumaa, nikapapasa ubavu wa boti kama wa ng'ombe mkorofi anayekamuliwa, nikiimba, "Tulia mama, tulia." Nilipapasa hadi jua likazama na mikono ikawa myeusi kwa lami.

Mjomba akarudi na samaki. "Vipi, mgeni katapika?"

"Atapike saa ngapi? Kutwa nzima anaikamua boti yako!" mkewe akajibu.

Mjomba akacheka mpaka boti ikayumba tena. Akanitandikia mkeka palepale, akauliza, "Haya mjomba, imetoa lita ngapi?"

Fundi kashuka ngazi, ananishangaa. Kumbe muda wote huu ninapapasa ukuta.