Kambare wangu nusura nimchinje, kumbe perege ana yake mdomoni

Wakuu, salaam aleikum. Vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba.

Mie bibi wa Mtoni. Skuli niliishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja, herufi ikikosewa ipiteni tu. Lakini haya nimeyaona kwa macho yangu, wallahi sizidishi.

Uwani nna tangi la saruji. Mjukuu wangu Salma alinitilia perege. Salma anasomea samaki chuo kikuu, wa kwanza ukoo mzima, hilo lisomeni mara mbili.

Siku ile aliniambia, "Bibi, perege analea kwa mdomo."

Nikamjibu, "Hata wewe nimekulea kwa mdomo. Sauti ilinikauka."

Akacheka, yakaisha.

Perege wakazaana mpaka tangi likajaa vidagaa, havikui. Salma akaleta kambare, urefu kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Akasema huyu atakula vidogo, wakubwa wapate kunenepa.

Wifi yangu Mwanakhamis akachungulia. "Wifi, umemfungia paka na kitoweo."

Wakuu, yule samaki ana haiba. Mweusi, kichwa bapa kama koleo, sharubu nane, nimezihesabu. Anatulia chini kama gogo, ukipepesa jicho maji yamepasuka na kidagaa hakipo. Halafu anapanda juu kuvuta pumzi kama mtu. Nikawa nakunywa chai pale pale, namwangalia yeye tu.

Perege wakanenepa kweli. Mmoja jike nikampenda zaidi, nikipiga ukingo kwa kijiko anakuja kula.

Asubuhi moja nikapiga, haji. Yuko pembeni, taya limevimba, chakula hagusi. Siku ya pili vile vile. Ya tatu nikasema basi, kambare kampiga, na leo namchinja.

Nikamtoa kwa ndoo, nikamtia kwenye beseni, nikafunika kwa ungo. Nikanoa kisu.

Wifi akaja. "Tangu lini samaki akachinjwa?"

"Huyu ana roho ya simba. Atachinjwa."

"Basi na bismillahi umsomee, na kibla umuelekeze."

Nikamwambia aniache. Nikarudi tangini kumpa yule mgonjwa habari kwamba adui yake leo anakwenda.

Akafungua mdomo.

Wakatoka watoto, wakuu. Wadogo kama punje za mchele, wingu zima. Nikaangusha kisu majini, nao wakashtuka, wakarudi mdomoni wote, akafumba. Taya lile lile.

Nikakumbuka maneno ya Salma. Kulea kwa mdomo.

Nikaondoa ungo. Kambare ananitazama, sharubu zinacheza, hana hatia hata moja. Nikamuomba radhi kwa sauti. Wifi alisikia, na mtaa mzima sasa umesikia.

Perege nikamhamishia kwenye pipa na watoto wake. Kambare nikamrudisha tangini, nikampa matumbo ya samaki konzi nzima. Alivyopiga mkia kushuka chini, maji yaliniruka mpaka kwenye mtandio. Sikukasirika.

Nililojifunza: aliyesoma akikwambia neno, muulize maana yake kabla hujacheka. Na mwenye mdomo mkubwa si lazima awe ndiye mkosa.

Mnaofuga kambare, wenu mmewachanganya na samaki gani? Semeni nisome.

Kisu bado kimo tangini. Kambare analala juu yake, na mie mkono wangu sitii.