Barua Aliyonisomea Wifi

Wifi yangu alinisomea barua ya chuo kwa uongo, na binti yangu akakosa nafasi. Nasema hivyo mwanzo kabisa, asije mtu akaniambia ilikuwa bahati mbaya. Mimi sikusoma. Nasema kwa mdomo, binti ndiye anayeandika, na kalamu yake imesimama mara mbili.

Nafua mashuka ya hospitali. Mwaka wa ule ugonjwa wa kuambukiza, mashuka ya wodi ya kutengwa tuliyatia uzi mwekundu pembeni, yachemshwe peke yake. Kwa uzi huohuo nikapanga safari zetu za kutembelea vyuo, kwenye foronya kuukuu: fundo la uuguzi, la ualimu, la kilimo.

"Mama, wenzako wana kalenda," binti alinicheka.

"Kalenda haifuliki."

Moyo wake ulikuwa kwenye uuguzi.

Kisha mwenzake wa shule ya bweni akaugua, darasa zima likafungiwa karantini bwenini siku ishirini na moja. Barua ya chuo cha uuguzi ikaja yeye akiwa ndani. Nikaipeleka kwa wifi, dada wa marehemu mume wangu. Ni karani, na ndiye aliyenisomea kila karatasi tangu niolewe, hata cheti cha kifo cha kaka yake. Binti yake naye alikuwa ameomba chuo hichohicho.

Akavaa miwani, akasoma kimya, akaikunja, akanirudishia.

"Wamesitisha ziara, wifi. Ugonjwa. Tusubiri barua nyingine."

"Hawakutaja siku?"

"Wangetaja ningekuficha? Nenda kaoge, unanuka dawa kama wodi nzima."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Nikaenda kwenye uzio wa bweni. Binti akaniuliza kwa mbali, barakoa usoni, "Wamesemaje, mama?" Nikamwambia asubiri.

Alipotoka aliisoma mwenyewe, amesimama mlangoni, mfuko wa nguo bado begani. Waombaji walipangiwa siku, kumi kumi. Yake ilikuwa Jumanne iliyopita. Asiyefika, nafasi yake apewe mwingine. Na chini kabisa: aliye karantini, mzazi aje badala yake.

Ningekwenda hata kwa miguu.

Nilimkuta wifi anachambua mchele.

"Unafua mashuka ya wagonjwa," akasema bila kuinua uso. "Ungewapelekea watoto wa watu ugonjwa. Niliwaokoa."

"Na wako uliyempeleka Jumanne ileile, ulimwokoa na nini?"

Akaongeza sauti ya redio.

Binti yake sasa yuko mwaka wa pili. Wangu anafua na mimi. Chuo kinasema jina lake lilifutwa kwa kutofika bila sababu, na sababu anayo wifi. Ninachomdai ni kimoja: aende na barua ile kwa msajili, aseme iliandikwa nini na yeye alinisomea nini. Ofisi yao hufunguliwa kila siku ya kazi. Hajaenda.