Nani Ampishe Mwenzake

Wifi yangu ana kazi ya ajabu: kuangalia setilaiti zisije zikagongana. Kila asubuhi kompyuta humletea orodha ya zitakazokaribiana, naye huipitia mstari kwa mstari huku akitafuna kifuniko cha kalamu. Mimi nakaa meza ya pili, ndiye ninayetuma amri anazoandaa. Huwa namtania kuwa ni trafiki wa mbinguni. Zamani alicheka. Tangu afiwe na mumewe, yaani kaka yangu, ananitazama tu.

Jumanne orodha ilikuja na setilaiti yetu inayopokea miito ya meli zilizo taabani, pamoja na chombo kibovu ambacho zamani kaka ndiye aliyekiongoza. Kilizimika miaka sita iliyopita. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Alhamisi saa saba mchana vingepishana kwa mita arobaini. Kanuni yetu ni moja: kilichokufa hakipishi, kilicho hai ndicho husogea. Mafuta ya setilaiti yetu yalitosha kusogea mara moja tu. Wifi akaandaa amri ya kuipandisha kilomita tatu.

Jumatano vipimo vipya vikaingia. Chombo kibovu kilikuwa kimepanda. Hakina umeme, hakina mafuta, na kimo kilichofikia ni kile kile tulichopanga kwenda sisi.

“Makosa ya rada hayo,” alisema mkuu wa zamu. “Maiti haisogei. Tumeni amri.”

“Isitumwe,” wifi alijibu. “Mume wangu siku zote alikuwa anapanda juu, tena bila kumwambia mtu. Na sisi tukipanda, tutamgonga.”

“Setilaiti ikivunjika kazi huna. Na hao wenye meli watamwita nani?”

“Nimekusikia, bosi.”

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Niliogopa, sifichi. Nikakiondoa.

Alhamisi saa saba ilitukuta tumeikodolea macho skrini. Dakika nne baadaye setilaiti yetu ikaita, nzima kabisa. Kile kingine kilikuwa kimepita juu yake. Wifi alijifunika uso kwa viganja, akalia kama siku ya msiba.

Ijumaa asubuhi chombo kibovu kilikuwa kimeshuka hadi mahali pake pa zamani. Mkuu akaleta fomu ya taarifa ya tukio, ambayo ina kisanduku kinachouliza nani alisogeza chombo. Wifi akaandika: mume wangu. Nilijua mzee atafoka. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akatia sahihi.